Kwa Tano

Fundi wa rangi aliyekuja na baiskeli kutoka Ngamiani
alichora ng'ombe ukutani, akampa chuchu tano.
Mama alizihesabu kwa kidole, akazihesabu tena,
akasema: "Semboja, futa moja."
Semboja akasema rangi nyeupe imekwisha,
akamaliza bakuli lake, akapanda baiskeli.
Ndiyo maana abiria wa njia ya Muheza
hawalijui jina la kibanda chetu hapa Pongwe.
Husema tu: nishushe pale kwa Tano.

Kabla ya ukuta palikuwa na pipa.
Ndani ya pipa ndoo, ndani ya ndoo maziwa,
baina yao barafu na chumvi ya mawe,
na juu mpini wa kuzungusha.
Nguvu ya mpini ule ilikuwa mimi, miaka tisa, mikono miwili.
Barafu ilitoka bandarini, barafu ya samaki,
imevikwa gunia la katani na maranda ya mbao,
hivyo aiskrimu ya kwanza ya Mama
ilikuwa na iliki mbele na changu nyuma.
Utingo wa lori la mkonge alilamba, akafumba macho:
"Mama, hii imekamuliwa au imevuliwa?"
Akanunua ya pili.

Na kabla ya pipa, Kidawa.
Mtamba wa mkopo, mweusi wa mabaka meupe,
aliteremshwa garini akitetemeka
kama bi harusi wa mbali asiyejua jiko liko wapi.
Riba haikuwapo. Sharti lilikuwa moja:
ndama jike wa kwanza si wako, ni wa jirani.
Mama akatia dole gumba.
Usiku ule alikaa kwenye kizingiti cha banda
akimsikiliza mgeni wake anavyocheua.

Alipozaliwa jike, Mama alilia.
Akamnyonyesha, akamkuza, akampenda, makosa yote hayo,
kisha akamfunga kamba mpya, akampeleka mwenyewe
kwa Mwanamvua, mjane wa mchoma chokaa,
ambaye hawakusemezana tangu kesi ya mpaka wa minazi.
"Deni langu hili," alisema, akageuka.
Hakungoja ahsante. Nayo haikuja.

Mwaka wa kupe, ndigana ilimkuta Kidawa.
Tezi chini ya sikio, homa, siku tatu.
Alikufa pua ameielekeza barabarani.
Mama akafungua kopo la maziwa ya unga.
Tulikoroga, tukaongeza sukari, tukaongeza iliki.
Watu walikula. Watu wana adabu.
Ila utingo yule, sasa dereva, mvi masharubuni,
alilamba mara moja, akaliweka bakuli mezani
taratibu, kama mtu anayerudisha barua isiyo yake,
akalipa.
Jioni ile Mama hakuhesabu mauzo.

Alfajiri mlango uligongwa.
Si kwa mkono, kwa dumu.
Lita tano, povu bado linapumua.
Mwanamvua kasimama gizani na kanga ya kulalia,
hakusalimu:
"Ya mtoto wa Kidawa. Nasikia unauza unga."
"Ingia," Mama akasema.
"Siingii. Nimeacha ng'ombe nusu."
Lakini dumu aliliacha,
na dumu tupu sharti lirudishwe,
na mrudisha dumu hanyimwi chai,
na chai haina mpaka wa minazi.

Mama amelala Pongwe hii hii, upande wa machungwa.
Mimi nina friza inayonguruma kuliko malori.
Mpini nimeutundika; watoto hudhani ni silaha.
Maziwa huja kutoka nyumba nne,
na katika kila banda nikiingia
naona baka lile lile jeupe juu ya jicho.

Jana kapita kijana na makopo ya rangi:
"Dada, ng'ombe wako amekosewa. Nikufutie moja?"
Nikamwambia akae, nikamjazia bakuli.
Iache, nikasema. Hiyo ni ya jirani.